Kicheko na Talaka



Je, talaka ni jambo la kuchekwa? Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yako mambo matatu ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli: ndoa, talaka, na kumrejea mke. Kwa hivyo Mwislamu akisikia kuna filamu ya mapenzi na vichekesho ambayo kisa chake chote ni talaka, hana budi kushtuka. Lakini kuhukumu jambo pasi na kulijua si katika adabu ya elimu.

Zamani mtu wa Unguja aliyetaka sinema alivaa akaenda Majestic au Cine Afrique, na akina mama walikuwa na maonyesho yao peke yao. Leo sinema imemfuata mtu nyumbani. Hata huku Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, penye mashamba ya zabibu na visima viupavyo mji maji, filamu huonyeshwa sebuleni, na watoto wa chuo hunisimulia vituko vyake kabla hatujafungua msahafu. Basi nimeona niseme juu ya filamu mbili.

Ya kwanza ni ya Marekani, The Awful Truth, iliyotengenezwa mwaka 1937 na Leo McCarey, akapewa tuzo ya Oscar kwa kuiongoza. Mume, Jerry, amemdanganya mkewe Lucy kwamba alikuwa Florida. Anamletea zawadi ya machungwa, na mke akiyatazama anaona yamepigwa chapa ya California. Mke naye amerudi asubuhi pamoja na mwalimu wake wa kuimba, akisema gari liliharibika njiani. Kila mmoja anamshuku mwenziwe, wanakwenda mahakamani, na hakimu anawapa talaka. Lakini talaka ile haitimii mpaka zipite siku 90. Na vichekesho vyote vya filamu vimo ndani ya siku hizo. Wanagombea mbwa, wanaharibiana uchumba, na kila mmoja anajifanya hamtaki mwenziwe, ilhali moyo unamwambia vingine. Usiku wa mwisho wamo katika nyumba ya shamba, vyumba viwili vyenye mlango kati yao, na mlango ule haukubali kufunga, upepo unausukuma kila mara. Kabla ya saa sita ya usiku kutimia, wamepatana.

Msomaji wangu, siku 90 hizi hazikukumbushi kitu? Mwenyezi Mungu Mtukufu alikwisha kutuwekea eda karne nyingi kabla ya mahakama ile: tohara tatu katika madhehebu yetu ya Shafi, na miezi mitatu kwa mwanamke asiyepata hedhi. Katika talaka rejea, mume ana haki ya kumrejea mkewe muda huo wote. Tena Sura ya Talaq inaamrisha mke asitolewe nyumbani katika eda yake, wala yeye asitoke, na inatuambia kuwa huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jingine baadaye. Kumbe wale wa filamu wanachekesha kwa sababu mlango wao haujafungwa. Hatuichekei talaka yenyewe, twakicheka kiburi cha watu wawili wanaopendana na hawataki kusema.

Filamu ya pili ni ya Kihindi, Nikaah, ya B. R. Chopra, iliyotoka mwaka 1982. Humu hamna kicheko. Nilofar, aliyechezwa na Salma Agha, ameolewa na Wasim, tajiri asiyekuwa na nafasi ya kukaa na mkewe. Siku ya kutimia mwaka wa ndoa yao unazuka ugomvi, na kwa hasira Wasim anamtamkia talaka tatu kwa mkupuo mmoja. Hakuna siku 90, wala mlango wa kusukumwa na upepo. Baadaye anajuta, lakini mke ameolewa na Haidar, na Haidar naye, kwa kudhani mke bado ampenda wa kwanza, yuko tayari kumwacha ili arudi kwake. Nilofar anawakatalia wote wawili, hataki kupitishwa mkono kwa mkono kama chombo cha nyumba. Katika hilo kasema haki, kwani hata Mtume (s.a.w.) amemlaani muhalili na anayehaliliwa.

Nilipoiona kwa jirani, wanaume walicheka mtafsiri alipolitia mzaha lile tamko la tatu. Akina mama waliokaa mkekani hawakucheka.

Kila filamu ina upungufu wake. Ile ya Marekani ina ulevi na mambo yasiyofaa watoto wetu. Tena wenye kisa hawana mtoto, wanachogombea ni mbwa, na kwa hiyo kicheko kimekuwa chepesi. Huku chuoni yuko mtoto ambaye nikimwambia, "Kamwite mzazi wako," husimama kwanza akifikiri aende nyumba ipi. Filamu ile haikumwona mtoto huyu. Nikaah nayo humwacha asiyesoma akidhani sheria yetu ni maneno matatu tu, kwani haikuwaonyesha waamuzi wawili, mmoja wa ukoo wa mume na mmoja wa ukoo wa mke, ambao Qur'ani imewataja.

Lakini tusiilaumu sinema peke yake. Jumhuri ya wanavyuoni wamezihesabu tatu za mkupuo kuwa ni tatu, Ibn Taymiyya akaona ni moja, na Misri iliifuata rai ya moja katika sheria yake ya mwaka 1929. Nchini India mahakama kuu kabisa ilizibatilisha mwaka 2017. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ugomvi ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu wanaotamka leo, na mke akafungishwa virago leo hii hii? Eda akaikalia kwa mamake, mume asimwone tena. Eda twaihesabu, lakini faida yake tumeitupa.

Basi wewe mume, ikikubidi, na iwe moja, katika tohara usiyomkaribia, na umwache akae nyumbani mwake. Nawe mzazi, bintiyo akija na virago, mpokee kwa huruma, kisha umuulize kama eda yake imekwisha. Ikiwa haijesha, nyumba yake bado ni ile aliyotoka, nawe ndiwe wa kumrudisha.

Wabillahi tawfiq.