Nilifuata giza mpaka Itanda, nikalikuta linacheza singeli

Jamani, nisikilizeni kabla sauti haijakauka kabisa, maana imebaki robo. Nimeshuka stendi ya Nyabugogo, Kigali, leo alfajiri. Buti zangu nyeusi zimegeuka rangi ya matofali, wanja umenitelemka mpaka mashavuni, na mwenye pikipiki aliyenipandisha Biryogo alinipa kofia ngumu huku ametazama pembeni. Sijali! Natoka Nyege Nyege. Natoka kwenye maporomoko ya Itanda, kando ya mto Nile, Uganda, siku nne, Septemba 15 hadi 18, 2022, na nikisema nilale kwanza nitasahau nusu, kwa hiyo naandika hivi hivi nilivyo.

Tuanze na jina, maana najua mmeshaanza kucheka. Kwa Kiganda, nyegenyege ni ile hamu inayomshika mtu ghafla ya kucheza, mwili ukakataa kutulia. Kwa Kiswahili sote tunajua ni nini. Mzee mmoja wa Bukoba aliyekaa karibu nami kwenye basi aliniuliza kwa upole naelekea wapi. Nikamjibu, tamasha la muziki, Jinja. "Linaitwaje, binti?" Nikajifanya nimelala mpaka tukafika mpakani Gatuna.

Sasa mjue kwa nini nilikwenda, maana mimi si mtu wa matamasha. Mimi ni Mgothi. Ndiyo, Mgothi wa Biryogo, huenda niko peke yangu. Kwa asiyejua: Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, walitokea vijana waliovaa nyeusi, wakapaka nyuso unga na macho wanja, wakaimba mambo ya makaburi kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu mwigizaji aliyejulikana kwa kuigiza Dracula, na kwa wengi hapo ndipo ukoo ulipopata babu. Wana na Makka yao, mji wa wavuvi uitwao Whitby, ufukweni Yorkshire. Bram Stoker alikaa huko mwaka 1890, akaupa nafasi ndani ya riwaya yake ya Dracula ya 1897: jahazi linapanda pwani wakati wa dhoruba, mbwa mweusi anaruka kutoka ndani na kupotelea gizani. Tangu 1994 Wagothi hukusanyika pale kwa muziki, wakipanda ngazi 199 mpaka kanisani juu ya mwamba, wamevaa kofia ndefu na magauni ya kuburuta. Nimeitazama picha ya ngazi zile mpaka nimezihesabu mwenyewe. Lakini nauli ya ndege tu ingeninunulia cherehani tatu, na bado sijaizungumzia viza.

Shangazi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenishonea gauni. Nilimwonyesha picha kwenye simu: nyeusi tupu, mikono mirefu, inafika chini, kichwa kimefunikwa kwa kitambaa laini, macho yamekolea wanja. Akaitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "hili si baibui? Bibi yako kalivaa maisha yake yote na hakuna aliyemtoza kiingilio." Akashona. Akaniongezea na kamba za kiunoni, ingawa alinung'unika.

Pambo moja la Kigothi sikulibeba: fuvu. Huko kwao fuvu ni pete, ni kifungo cha koti, ni kikombe cha chai. Kigali, tangu mauaji ya kimbari, fuvu lina jina la mtu na lina ndugu zake waliobaki, na kila Aprili tunakwenda kusimama mbele yake kimya. Hilo halina mjadala, na Mgothi yeyote wa Rwanda atalielewa bila kuelezwa.

Kilichoniondoa kwenye ndoto ya Whitby na kunigeuza uso kuelekea Uganda ni Duma. Msiseme mnyama! Nami nilidhani ni yule chui mwembamba mwenye mbio. Kumbe ni Kikikuyu, maana yake ni giza. Vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za huko, wakafyatua albamu mwaka 2020 inayosikika kama kiwanda cha mabati kinachoungua huku mtu akitubu ndani. Niliisikiliza wakati wa corona, usiku wa marufuku ya kutoka nje, kwenye visikilizio, mtaa mzima kimya, askari tu barabarani. Nikasema, hawa ni ndugu zangu! Nikaangalia nani aliyeitoa: Nyege Nyege Tapes, Kampala. Lebo iliyoanzishwa 2016 na Derek Debru wa Ubelgiji na Arlen Dilsizian, mwenye asili ya Ugiriki na Armenia, watu wale wale walioanzisha tamasha mwaka mmoja kabla yake. Basi nikajua nyumba iliyowalea iko wapi. Tatizo likawa njia. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, serikali zetu mbili hazisemezani, kisha ugonjwa ukafunga hata vilivyokuwa wazi. Ulipofunguliwa Januari 31, 2022, nilianza kuweka akiba siku hiyo hiyo.

Halafu, wiki moja na ushei kabla ya safari, Bunge la Uganda likalipiga tamasha marufuku! Septemba 6 wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine kuzungumzia maadili. Nilikuwa na tiketi mkononi na gauni kwenye pasi. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akasema tamasha liendelee, kwa masharti. Mwaka 2018 ilikuwa vivyo hivyo: waziri wa maadili, marehemu Simon Lokodo, alitangaza marufuku, na siku zikafika watu wakacheza. Nikiri kwamba marufuku ile ilinitia hamu zaidi. Mgothi gani anataka tamasha lililobarikiwa na kila mtu?

Safari yenyewe sitaieleza sana. Gatuna unahama mkono wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto, na saa inaruka mbele saa nzima, kwa hiyo umeshachelewa kabla hujafanya kosa. Milima ya Kabale, ng'ombe wa Mbarara wenye pembe kama milango ya ikulu, mstari wa Ikweta, foleni ya Kampala. Namawojjolo wanakusukumia kuku wa mshikaki dirishani hata kama umelala. Kisha msitu wa Mabira, kisha Jinja, na kutoka Jinja boda boda kwenye njia ya vumbi ambayo usiku uliofuata ingekuwa mto mwingine.

Itanda! Miaka iliyotangulia tamasha lilikuwa Njeru, ng'ambo ya Jinja, kwenye bustani za kando ya mto. Safari hii ndiyo mara ya kwanza kuhamia hapa, na sijui walikuwa wanangoja nini. Msifikirie maji yanayoanguka kutoka juu kama kwenye kalenda. Hapa mto unakasirika ukiwa umelala. Nile inabanwa katikati ya mawe, inavimba, inajikunja, inarudi nyuma kupigana na nafsi yake. Wapiga makasia wa dunia nzima huja kujijaribu hapa na wengine hutazama kisha wakabeba mitumbwi wakapita kwa miguu. Ule mngurumo hauzimiki. Muziki ukinyamaza kidogo, mto unashika zamu.

Na pana wenyewe. Wasoga, wenyeji wa hapa, watakwambia maporomoko haya yana mizimu, na hawasemi kwa utani. Jirani hapo juu palikuwa na Bujagali, makao ya mzimu mkubwa, mpaka bwawa la umeme lilipoyazamisha maporomoko mwaka 2011, baada ya watu kubishana kwa muda mrefu kama mzimu unaweza kufanyiwa tambiko ukahama. Itanda na Kalagala ng'ambo yake ziliachwa chini ya ahadi kwamba hazitajengwa. Nami nilikuwa nimetamani jahazi la Stoker na mbwa wake! Mchana wa kwanza nilikaa juu ya jiwe na gauni langu limeloa mpaka magotini, nikaona haya kidogo.

Jioni ile ndipo nilipoiona embaire. Nilikuwa napita tu kutafuta rolex, ile chapati ya mayai, nina njaa, nikakuta duara la watu. Katikati wamechimba shimo. Shimo kabisa, refu kama la maziko, na juu yake wamelaza vigogo vya migomba, na juu ya migomba magogo mazito ya mti yaliyochongwa, mengine makubwa kuliko paja. Hiyo ndiyo marimba ya Wasoga. Wanaume wanaketi pande zote mbili, mabega yanagusana, kila mmoja ana magogo yake machache na fimbo zake, na hakuna anayepiga wimbo mzima. Wimbo unatokea katikati yao. Shimo linaimeza sauti na kuirudisha nzito. Niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Nimesikiliza magitaa ya kutisha miaka kumi, nimejifunga minyororo ya bandia, na hakuna hata siku moja muziki umetoka ardhini hivi, kwenye kitu kinachofanana na kaburi, huku wazee wanacheka na mtoto amelala mgongoni mwa mama yake. Rolex niliikumbuka saa mbili baadaye. Ilikuwa imeisha.

Si kila kitu kilinipata hivyo. Kulikuwa na majukwaa kadhaa na huwezi kuwa kila mahali. Kuna DJ mmoja alipiga mlio mmoja kwa muda ambao ningeweza kuchemsha maharage, watu wamefumba macho kama wanaswali. Nikawaachia.

Mvua ikaja. Mvua ya Septemba haina adabu. Ilimwaga mpaka matope yakawa na maoni yake kuhusu buti zangu. Wenye akili walivua viatu. Na ndani ya mvua hiyo, saa tisa usiku, nikasikia Kiswahili.

Singeli, ndugu zangu! Najua wasomaji wa Dar mtasema, huyu naye kagundua maji ya bahari. Mnayo Manzese, mnayo Tandale, inapigwa kwenye kila harusi ya uswahilini na mmeizoea. Mimi nilikuwa nimeisikia kwenye simu tu, spika yenye ukubwa wa ukucha. Nyege Nyege Tapes ndiyo iliyoitoa nje mwaka 2017 kwa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio moja ya Mburahati, lakini spika kubwa ni jambo lingine. Kijana kasimama na kompyuta mpakato, vidole vinaigonga kibodi kama anafukuza sisimizi, mapigo 200 kwa dakika na yanazidi. Kinanda cha taarabu, kile cha kubembeleza, kimekatwa, kimekazwa, kimekimbizwa mpaka kinalia kama ndege. Na mwenzake ana maikrofoni, anamwaga maneno pasipo kupumua.

Mkielewa hapa mtanielewa mimi. Umati ulikuwa Waganda, Wazungu, Wakenya wachache waliokuwa mbali. Wanacheza, lakini maneno yanawapita. Mimi yalinifikia! Kila kijembe, kila neno la mtaani. Nikaanza kucheka peke yangu katikati ya watu. Yule wa maikrofoni akaniona, gauni jeusi, wanja umechuruzika, mdomo wazi. "Wewe dada mchawi," akasema mbele ya kila mtu, "umenielewa?" Nikapiga ukelele mpaka sauti ikakatika, ndiyo hii ninayoitafuta mpaka sasa. Kiswahili chetu cha Biryogo, ambacho mjini Kigali watu walikuwa wanakiita cha madereva na wachuuzi, kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Lakini usiku ule ndipo nilipokiona kina faida ya haraka.

Nikacheza. Mgothi hachezi, Mgothi huyumba kwa huzuni na kutazama chini. Nilijaribu kuyumba kwa huzuni kwenye mapigo 200, ikawa kama mtu anayetikisika kwenye lori. Nikaacha. Nikavua buti.

Alfajiri, mto umejaa ukungu, nikakuta watatu wamekaa kwenye mizizi ya mti: wawili kutoka Nairobi, mmoja wa Kampala, wote weusi tii mpaka kucha, fulana za metali zimechujuka. Tulitazamana kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ughaibuni. Yule wa Kampala alinipa nusu ya chapati yake. Tukabishana, mpaka jua likatoka, iwapo singeli ni giza au si giza. Mimi nilisema ndiyo: ni muziki wa wasiotakiwa, unaofukuzwa na wenye heshima zao, unaopigwa usiku, na ukiusikiliza vizuri una woga ndani yake. Wa Nairobi akasema hakuna giza linalokuwa na furaha namna ile. Hatukumaliza. Mwakani tutaendelea, tumeshapeana namba.

Sasa nimefika nyumbani. Shangazi amekuja mlangoni na ndoo ya maji na sabuni ya mche, ameliona gauni alilolishona kwa wiki mbili, amevuta pumzi, hakusema kitu. Kabla hajaanza nimemwekea kwenye simu singeli niliyoirekodi usiku ule. Amesimama. Amesogeza sikio. Ameisikiliza mpaka katikati, ndoo bado mkononi.

"Hiki kinanda nakifahamu," kasema. "Mbona kinakimbizwa?"