Karabini ya Sharps na Alama Zake

Aliyewahi kushindilia gobori anaijua kazi yake: baruti kwanza, kisha risasi, kisha mdeki wa kusukumia vyote hadi mwisho wa mtutu, na muda wote huo bunduki imesimama wima. Mtu wa miguu ataimudu kazi hiyo. Aliye juu ya farasi anayekwenda mbio, hatamu mkononi na upanga kiunoni, ataimudu vipi? Karabini ya Sharps, bunduki fupi ya askari wa farasi wa Marekani, ilitengenezwa kwa ajili ya huyo wa pili, na sijaona silaha nyingine ya karne ya 19 iliyomfikiria mtumiaji wake kwa makini kiasi hicho.

Aliyeibuni ni Christian Sharps, fundi aliyepitia kiwanda cha silaha cha serikali huko Harpers Ferry, Virginia. Hataza yake ni ya Septemba 12, 1848. Kinga ya kifyatulio, ule mkunjo wa chuma unaozunguka pale pa kuweka kidole, ndiyo pia wenzo wa kufungulia bunduki. Ukiusukuma chini na mbele, pande la chuma lililoziba nyuma ya mtutu huteremka wima katika mfereji wake. Unapenyeza kiasi, yaani kifurushi cha karatasi au kitani chenye risasi na baruti, kisha unarudisha wenzo. Hapo ndipo ninaposhangaa kila mara: pande lile likipanda, ukingo wake wa juu ulionolewa hukata mkia wa kiasi, na baruti inabaki wazi ikingoja cheche ya fataki. Kwa tendo moja bunduki imefungwa na kiasi kimekatwa, na mdeki hauna kazi tena.

Tabu ilikuwa moto. Chuma kinachoteleza lazima kiache mwanya, hata uwe mwembamba namna gani, na gesi ya baruti hupenya humo ikamuunguza mpigaji. Richard Lawrence, fundi aliyetoka Windsor, Vermont, mahali palipokuwa na sifa ya kutengeneza vipuri vinavyoingia katika bunduki yoyote ya aina yake, aliushughulikia uvujaji huo. Usoni mwa pande kuna kipande kinachosogea kidogo. Baruti ikilipuka, gesi yenyewe hukisukuma mbele kikabana nyuma ya mtutu. Uvujaji haukuisha wote, lakini ulipungua kiasi cha askari kuiamini bunduki yake.

Bunduki hiyo iliaminiwa na wengi. Oktoba 1859, John Brown alipovamia Harpers Ferry akitaka kuwakomboa watumwa, watu wake walibeba karabini za Sharps. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipozuka kati ya Kaskazini na Kusini, serikali ya Muungano, yaani ya Kaskazini, ilinunua zaidi ya 80,000. Asubuhi ya Julai 1, 1863, huko Gettysburg, wapanda farasi wa Jenerali John Buford walishuka chini wakawazuia askari wa miguu wa Kusini hadi wenzao walipowasili. Walitumia karabini za kupakiwa kwa nyuma, Sharps zikiwa miongoni mwake.

Ishike mkononi karabini ya muundo wa 1863. Mtutu ni wa inchi 22, bunduki nzima takriban inchi 39, uzito karibu kilo tatu na nusu. Upande wa kushoto kuna fimbo nyembamba ya chuma yenye pete inayoteleza. Askari alivaa mkanda mpana wa ngozi begani, ndoano ya mkanda ikashika pete hiyo, bunduki ikaning'inia ubavuni mdomo chini. Kila farasi alipopiga hatua, pete ilicheza, na miaka ilivyopita ikachimba kidimbwi chake kwenye mbao ya mjozi. Pitisha kidole hapo utakihisi.

Chuma cha mwili wake kilifungiwa sandukuni pamoja na makaa ya mifupa, kikachomwa hadi kikawa chekundu, kikatoswa majini. Ngozi ya chuma iligeuka ngumu, na juu yake zikazuka rangi za buluu, kahawia na manjano zilizochanganyika kama mawingu ya jioni. Jua na jasho la mikono huzifuta. Mkusanyaji mzoefu, kwa hiyo, huinua nyundo na kuchungulia chini yake, mahali ambapo mkono haukufika. Kisha hutafuta mhuri wa mkaguzi wa serikali kwenye mbao. Ukiwa ungali mkali kingoni, mbao haijapigwa msasa. Nambari nayo ina siri yake: kiwanda kilipofikisha laki moja, kiliandika herufi C mahali pa laki hiyo, hivyo C 12,345 ni bunduki ya 112,345.

Baada ya vita, karabini zipatazo 31,000 zilirudishwa kiwandani zikabadilishwa zipige viasi vya shaba, na mitutu iliyolika ikatiwa bomba jipya ndani. Ndiyo maana iliyobaki na mtambo wake wa fataki hugombaniwa. Zinazogombaniwa zaidi ni nakala zilizotengenezwa Richmond na watu wa Kusini, ambazo hazikufika hata 6,000 na kazi yake ni ya haraka haraka. Kuna pia chache sana zenye kinu kidogo cha kusagia kilichopachikwa kwenye kitako. Hizo zimeghushiwa mno, na anayeuziwa moja bila historia iliyoandikwa aifunge pochi yake.

Hasara kubwa kuliko zote huletwa na mwenye nia njema. Amerithi karabini yenye madoa, akaipiga msasa, akaing'arisha hadi ikameremeta kama kijiko kipya. Mhuri umekwenda, rangi zimekwenda, kidimbwi cha pete kimesawazishwa, na hakuna fundi duniani wa kuvirudisha. Mafuta kidogo kwenye kitambaa laini yanatosha. Mimi nikiwekewa mbili mezani, moja inayong'aa na nyingine nyeusi kwa umri yenye pete iliyochimba mbao, nitachukua ile nyeusi bila kuuliza bei ya mwenzake.