Amortiseri Inayovuja: Jinsi ya Kuipima Kazi ya Fundi Uvira

Probox, gari la abiria na mizigo, ina uzito wa takriban tani moja. Ikitoka Baraka kuja Uvira hubeba watu wengi kuliko viti vyake, na magunia ya ndagala wakavu nyuma. Kesho yake hurudi na shofa na abiria wawili tu. Gari jepesi huteswa na tofauti hiyo kuliko lori, maana amortiseri ileile lazima iitulize springi katika hali zote mbili.

Tuanze na uvujaji wenyewe. Unyevu mwembamba uliokamata vumbi chini kidogo ya sili si ugonjwa. Fimbo ya amortiseri hutoka na utando wa mafuta kila inapopanda. Mafuta yakishateremka hadi chini ya mrija na kudondoka, hapo imekwisha. Kabla ya kuhukumu, futa kila kitu, endesha siku moja, kisha tazama tena: mara nyingine ni breki inayovuja, au grisi iliyorushwa na mpira wa ekseli uliopasuka.

Wengi hubonyeza boneti wakahesabu gari linavyoruka. Hilo hukamata amortiseri iliyokufa kabisa tu. Mimi naamini joto zaidi. Amortiseri hugeuza mruko kuwa joto kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, kwa hiyo ukifika kutoka Sange kwa njia ya mashimo, gusa kwa uangalifu zote nne, ukiuepuka mrija wa moshi. Iliyo baridi haikufanya kazi.

Kuna matengenezo ninayoyakataa moja kwa moja: kutoboa mrija, kujaza oili ya injini na kuchomelea tundu. Oili hiyo si mafuta yaliyopimiwa vitundu vile, gesi iliyokuwemo imetoka, na moto umeshaipika sili. Gari litakuwa gumu kwa muda na mwenyewe atafurahi. Halafu litaanza kudunda tena.

Kazi nzuri ya kubadilisha huonekana kwenye fimbo ya kromu. Nati ya juu ikizunguka pamoja na fimbo, fundi mwenye haraka huibana fimbo kwa koleo. Siku hiyo huoni kitu. Lakini kila gari linaporuka, ule mkwaruzo unapita ndani ya sili kama msasa, na amortiseri mpya inavuja kabla tairi hazijachakaa. Fundi anayejua hushika ncha ya fimbo, ile iliyochongwa kwa ajili ya spana, kisha anazungusha nati taratibu. Simama karibu uangalie hapo. Mengine unaweza kukagua baadaye.

Mbele, springi imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Akianza kuifungua bila vibano viwili, mwambie aache.

Amortiseri iliyolala dukani ubavu huwa na hewa mahali pa mafuta. Isimamishwe wima, ibonyezwe na kuvutwa mara kadhaa mpaka mkono usisikie pengo. Zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli, na kifuniko cha vumbi kilichopasuka kisirudishwe: vumbi la bonde la Ruzizi ni kali, nalo humaliza sili upesi. Za mbele zina kushoto na kulia. Zikigeuzwa, mpira wa breki hukosa mahali pake na kuanza kusugua tairi.

Bolti za nyuma zinazopita kwenye mpira zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa juu ya jeki, mpira hubaki umejipinda saa zote na kupasuka mapema. Hapa ndipo mafundi wengi hodari huteleza, kwa sababu kulala chini ya gari lililoshushwa ni taabu.

Bolti mbili kubwa za amortiseri ya mbele zikifunguliwa, magurudumu hupoteza unyoofu wake. Yapimwe, hata kwa kamba kama hakuna mashine. Fundi akikuambia gari litajinyoosha lenyewe njiani, usimlipe bado.