Galaksi Iliyouzidi Ulimwengu Umri

Mwaka 1996, James Dunlop na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyokataa kukaa sawa. Nyota za galaksi LBDS 53W091, walikadiria, zilikuwa na umri wa miaka bilioni 3.5 wakati mwanga wake ulipoanza safari ya kuja kwetu. Tatizo ni kwamba, kwa kielelezo kilichopendwa na wengi siku hizo, cha ulimwengu wa maada tupu, ulimwengu wenyewe wakati huo ulikuwa na takriban bilioni 3.2, tena kwa kukisia kasi ndogo ya kutanuka. Mtoto kampita mama.

Umri huo ulisomwaje?

Kazi ilianzia kwenye uteuzi. Galaksi za redio hugundulika kutoka mbali kwa sababu shimo jeusi kitovuni mwake huchochea mawimbi makali ya redio. Lakini zile zenye nguvu mno hudanganya: mwanga wa kiini hutapakaa, ukajichanganya na wa nyota, na galaksi ikaonekana changa kuliko ilivyo. 53W091 ni hafifu kwa redio, hivyo nyota zake zilionekana bila kufunikwa.

Ikaja zamu ya darubini ya Keck, yenye kioo cha mita 10, juu ya Mauna Kea huko Hawaii. Tangu mwanga ule uondoke, ulimwengu umetanuka mara 2.55 na mawimbi yamerefuka kwa kiasi hicho hicho. Urujuanimno, ambao kwa kawaida angahewa yetu ingeuzuia, ulifika ukiwa mwekundu na kupenya. Mikato miwili iliyosakwa kwenye spektra, yaani mishuko ya ghafla ya mwanga, ya nanomita 264 na 290, ilionekana karibu na 674 na 740.

Mikato hiyo ndiyo saa. Nyota kubwa za buluu huwaka kama makuti makavu: mwanga mwingi, mara zimezimika. Zinazobaki ni ndogo na zina joto la chini, na ndani ya angahewa zake chuma na magnesi humeza urujuanimno. Mikato ikizama, umri umesogea. Katika 53W091 zilizotawala ni nyota za aina ya F, zenye joto linalolizidi la Jua kwa kiasi kidogo tu.

Hapo mabishano yakazuka. Wingi wa metali huzifanya nyota changa zifanane na kongwe, na watafiti wengine, kwa vielelezo vyao vya nyota, walipata bilioni 1.5 hadi 2 kutoka galaksi ile ile.

Mwaka 1998 upande wa pili wa mizani nao ukasogea. Supanova za mbali zilionyesha kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, hivyo ulimwengu ni mkongwe kuliko kielelezo cha maada tupu kilivyodai. Kwa vipimo vya leo, ulimwengu wakati ule ulikuwa na takriban miaka bilioni 4.2. Hesabu ya Dunlop sasa inaingia, ila kwa kubanana: nyota hizo zingelazimika kuzaliwa ndani ya miaka milioni 700 ya mwanzo.