Unene wa Asparagasi Unasema Nini Hasa

Mei inapofika, vibanda vya wakulima nchini Ujerumani hujaa asparagasi nyeupe iliyotengwa kwa makasha: nene zilizonyooka upande mmoja, nyembamba zilizopinda upande mwingine, na bei hushuka kadiri jicho linavyosogea. Mteja asiyeizoea huondoka na dhana mbili: kwamba nyeupe na kijani ni mbegu tofauti, na kwamba nyembamba ndiyo changa. Zote mbili hazina msingi.

Weupe hutengenezwa shambani. Mmea ni uleule, Asparagus officinalis. Chipukizi likichomoza juani hugeuka kijani; likifunikwa kwa tuta refu la udongo laini, hukua gizani na kubaki jeupe kwa kukosa klorofili. Mvunaji hutafuta ufa juu ya tuta, dalili kwamba ncha inakaribia kutoka. Hufukua kwa vidole, hushusha kisu kirefu kandokando ya chipukizi na kulikata chini, kisha hurudishia udongo na kuusawazisha kwa mwiko. Akichelewa, ncha hupigwa na mwanga na kuanza kuwa zambarau. Zambarau ya kuzaliwa nayo ni jambo jingine: aina ya Violetto d'Albenga, ya Liguria nchini Italia, ina seti nne za kromosomu badala ya mbili.

Katika biashara ya kimataifa, kipimo kinachojulikana ni cha UNECE, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi ya Ulaya. Kina madaraja matatu: Ekstra, la Kwanza na la Pili. Kwa nyeupe, kipenyo cha Ekstra kisipungue milimita 12, la Kwanza 10, la Pili 8. Kijani hupita hata ikiwa na milimita 3. Urefu wa nyeupe usizidi sentimita 22, wa kijani 27. Ekstra hudai pia ncha iliyofumba barabara na umbo lililonyooka. La Kwanza huvumilia kupinda kidogo.

Kwa nini nyeupe ibanwe na kijani isamehewe? Sababu iko jikoni. Nyeupe ina ganda gumu linalopaswa kumenywa kuanzia chini ya ncha hadi mwisho; ikiwa nyembamba, ukishaimenya hubaki na kitu kidogo sana cha kula.

Unene wenyewe hauhusiani na uchanga. Chipukizi halinenepi kadiri linavyorefuka. Upana wake huamuliwa na ukubwa wa jicho lililochipua chini ya ardhi, na jicho hutegemea umri wa mmea, akiba ya chakula mizizini na jinsia. Ndiyo, asparagasi ina dume na jike. Jike hutoa machipukizi machache yaliyo manene zaidi, kisha hutumia nguvu kuzaa matunda. Dume halina mzigo huo, hivyo hutoa mengi. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, kilizalisha Jersey Giant, na Waholanzi wakazalisha Gijnlim, aina ambazo karibu mimea yote ni dume. Mkulima hupata mavuno makubwa, na miche ya mbegu haioti ovyo shambani.

Akiba ya mizizini ikipungua, machipukizi hukonda. Wajerumani husitisha uvunaji tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohane, ili mmea uote majani na kujaza akiba ya mwaka unaofuata.

Wakulima wa kahawa wa Kenya wanaufahamu mpaka wa kipimo cha namna hii: daraja la AA kwanza ni ukubwa wa buni zilizobaki juu ya chekeche. Kwa asparagasi, kinachoachwa nje ni muda. Baada ya kukatwa, nyuzi huendelea kukomaa kuanzia chini kwenda juu, na joto huzidisha kasi hiyo. Ndiyo maana mavuno hukimbizwa kwenye maji baridi. Mnunuzi mzoefu hutazama sehemu iliyokatwa kama bado ina unyevu, kisha husugua machipukizi mawili: mabichi hulia.

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulifuta masharti maalumu ya matunda na mboga za aina 26, asparagasi ikiwemo. Madaraja hayakutoweka, kwa kuwa mfanyabiashara anayeagiza mzigo kutoka Peru hawezi kuusugua kabla ya kuulipia. Anachoweza kuandika kwenye mkataba ni daraja, rangi, milimita na sentimita.