Kikoa cha Makoma katika Utenzi wa Fumo Liyongo

Wasomaji wengi wa Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, huyatazama mambo mawili: nguvu za shujaa na ubaya wa mwana aliyemwua babaye. Ni haki kuyatazama, walakini yamefunika jambo jingine. Katika utenzi huu hila kubwa hupitia kwenye chakula, na tabia za watu hupimwa kwa namna wanavyokula na mwenzao.

Jambo hili ni dhahiri zaidi katika kisa cha makoma. Sultani wa Pate, kwa kuuchelea ufalme wake, aliwaahidi watu wa mwituni fedha wakimletea kichwa cha Liyongo. Hawakumwendea kwa vita, maana walijua hawamwezi. Walijifanya rafiki zake, wakala naye kikoa. Na kikoa si bia. Katika bia kila mtu hutoa fungu lake, chakula kikapatikana, wote wakala, kwisha. Katika kikoa kila mmoja huwa mwenyeji kwa zamu: leo huyu huwalisha wote, kesho yule, hata zamu ziishe. Kwa hiyo hapana mgeni wa daima wala mwenyeji wa daima, na aliyekula siku za wenzake hawezi kuikwepa siku yake bila ya fedheha. Hapo ndipo ulipotegwa mtego. Shauri lilikuwa kwamba kikoa kiwe cha makoma, kila mtu aupande mkoma kwa zamu yake awaangulie wenzake. Na Liyongo atakapokuwa juu, mikono imeshika mti, wamfume mishale.

Koma, na isemwe kweli, ni tunda gumu la kuguguna, wala si chakula cha kumwitia mtu karamu. Kilichotakiwa pale kilikuwa ile zamu. Wasaliti hawakuivunja desturi hata kidogo. Waliishika sawasawa, na ule usawa uliowekwa ili kila mtu ajione yu nyumbani waliusokota ukawa kitanzi. Mtu asiye na adabu asingenaswa nao, kwa kuwa angekula vya watu akaenda zake. Mtego huu ulimfaa mwungwana peke yake.

Liyongo angaliweza kukataa, naye angalihesabiwa mtu aliyekula asilipe. Angaliweza pia kuwapiga, lakini hapakuwa na kosa lililoonekana. Alishika upinde wake, akaziangusha koma kwa mishale kiasi cha kuwatosha wote. Aghalabu tendo hili husomwa kuwa sifa ya shabaha tu. Usomaji huo ni mfupi. Shabaha ya Liyongo ilikuwa imekwisha julikana. Lililo jipya ni kwamba alilipa deni lake lote la kikoa na miguu yake isiiache ardhi. Waliokuja kumwua wakalishwa kwa mkono wake, na mishale iliyongojewa mwilini mwake ikawa yake mwenyewe, tena ya kuangusha chakula. Hakuna aliyeweza kumlaumu wala kumdhuru.

Baadaye, alipofungwa gerezani Pate, mamaye alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi wakakila kile kizuri, wakamwachia mfungwa kibaya. Ndipo Liyongo alipomwagiza mama afanye mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona waliudharau, wakamtupia mwenyewe. Hapa mtunzi anaonyesha akili nyingi kwa maneno machache: askari ambaye angalimega hata kipande kimoja cha chakula duni pamoja na mfungwa wake angaliivumbua tupa. Uchoyo wao ndio uliompa ufunguo.

Lakini kinga zote hizi zilikuwa za kumkinga na watu wa nje. Mwanawe, aliyekwisha danganywa na Sultani, alipokuja kukaa kwake, Liyongo alimpokea, akamwambia hata siri ya sindano ya shaba kitovuni. Utenzi haumpi baba hila yoyote ya kumjibu mgeni huyu. Wako watakaoiona kasoro hii kuwa ya utungo, kwamba mtu aliyeunusa mtego wa mkoma angewezaje kuukosa huu. Yamkini, walakini kasoro hiyo ina maana yake. Katika kikoa kila mtu huhesabu zamu yake na ya mwenziwe, na mwenye kuhesabu huwa macho. Baba hamhesabii mwana zamu.

Alipochomwa alitoka na upinde wake, akapiga goti karibu na kisima, akafa vivyo hivyo, mshale umetiwa. Watu wakamdhania yu hai, wakaogopa kuteka maji, na mji ukashikwa na kiu. Aliyeendewa ili aje ambembeleze awaachie watu kisima chao ni yule mama aliyefanya mkate wa wishwa.