Imani Bila Neema: Tafakari juu ya Mchezo wa Dawn of War

Iko michezo ya kompyuta ambayo mchungaji anaweza kuipita bila hasara yoyote. Dawn of War si mmoja wao. Ulitengenezwa na Relic Entertainment ya Vancouver, Kanada, ukatoka mwaka 2004, na mwaka 2025 ukatolewa tena ukiwa umeboreshwa, hivyo kijana aliyeucheza wakati ule leo anaweza kuucheza na mwanawe. Msamiati wake ni wetu: imani, uzushi, masalia matakatifu, toba, pepo. Majengo ya kambi yamejengwa kwa sura ya makanisa makuu ya Ulaya. Wazazi wanaoniuliza habari zake huuliza juu ya damu. Damu ipo, tena nyingi, na sitamshauri mtu amwekee mtoto wa shule ya Jumapili mchezo huu. Lakini kijana wa kipaimara anajua kwamba damu ile ni rangi tu kwenye kioo. Maneno je, anajua ni ya nani?

Dawn of War haukubuni ulimwengu wake. Uliukopa kutoka Warhammer 40,000, mchezo wa mezani wa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ulioanza mwaka 1987 na unaochezwa kwa vijisanamu vya askari ambavyo watu huvipaka rangi wenyewe. Hadithi yake imewekwa miaka elfu thelathini na nane hivi mbele yetu. Wanadamu wametawanyika kwenye nyota chini ya dola iitwayo Imperium. Kaisari wao alijeruhiwa vitani kiasi cha kufa, na kwa miaka elfu kumi amekaa katika Kiti cha Dhahabu, hafi wala haponi, akitegemezwa na mitambo pamoja na uhai wa watu elfu moja wanaotolewa kwa ajili yake kila siku. Alipokuwa mzima alikataza asiabudiwe. Sasa anaabudiwa kila mahali, na anayesita huchomwa. Aliyesoma Waraka kwa Waebrania ataona mara moja kilichopinduliwa hapa: ni watu wanaotolewa sadaka siku kwa siku ili mungu wao aendelee kuishi.

Waingereza waliobuni haya walikuwa wakidhihaki. Mwezi Novemba 2021 Games Workshop ilitoa tamko kuwakumbusha wachezaji kwamba Imperium ni kejeli, si mfano wa kuigwa. Kampuni ikifika mahali pa kutoa tamko kama hilo baada ya miaka 34, tuna haki ya kuuliza kama kejeli bado inasikika. Kwa maoni yangu, mezani inasikika, maana mezani watu wana muda wa kusoma na kucheka. Katika kompyuta inazimwa na kasi.

Nieleze kidogo kwa wale wasioijua michezo ya aina hii. Katika bao au drafti unangoja zamu yako. Hapa hakuna zamu. Wakati unafikiri, adui naye anajenga. Unaanza na kambi moja, unatuma vikosi kwenda kuteka vituo vilivyotawanyika uwanjani, na kila kituo unachokiteka kinakupa haki ya kuomba askari na silaha zaidi. Jenereta zinakupa umeme. Wengine waliotengeneza michezo ya namna hii kabla walimfanya mchezaji achimbe madini na kukata miti, akae nyuma ya ukuta kama mkulima anayelinda shamba. Relic waliondoa hayo. Ukikaa nyuma unashindwa, kwa hiyo unasukumwa mbele tangu dakika ya kwanza. Kama kazi ya mikono ni kazi nzuri sana, na sioni sababu ya kuficha kwamba niliucheza mpaka mwisho. Askari wa kikosi wakiuawa katikati ya mapigano, unabofya kitufe, unalipa gharama, na wengine wanatokea palepale kujaza nafasi. Hawana majina wala makaburi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wahakiki wengi wameliona ni ufundi tu, nami naona ni theolojia. Kila kikosi kina mistari miwili ya kupimia. Mmoja ni uhai, mwingine ni ari. Ari ikivunjika, askari wanabaki hai lakini mapigo yao hayana nguvu. Kwa hiyo kuna kasisi wa jeshi, amevaa kofia ya chuma yenye sura ya fuvu, na mkononi ana fimbo ya kiaskofu iliyogeuzwa rungu. (Nilipoiona nilitazama picha ya askofu wetu ukutani na kumshukuru Mungu.) Kazi ya kasisi huyu ni kuujaza ule mstari wa pili. Haombei wanaokufa, wala hasikilizi ungamo la mtu. Imani kwake ni mafuta ya injini.

Katika nyongeza ya mwaka 2005, iitwayo Winter Assault, wazo hilo linafikishwa mwisho wake. Jeshi la kawaida la wanadamu linapewa kamisaa. Ari ya kikosi ikiyumba, mchezaji anabofya alama fulani, na kamisaa anampiga risasi mmoja wa askari wake mwenyewe mbele ya wenzake. Ari ya waliobaki inapanda na wanapigana kwa bidii. Ni hesabu safi, na inafanya kazi kila mara. Mara ya kwanza mtu hushtuka, na mara ya kumi anatazama tu kama kitufe kiko tayari kutumika tena. Hesabu hiyo tumewahi kuisikia. Katika Injili ya Yohana sura ya 11, Kayafa anawaeleza wenzake barazani faida ya mtu mmoja kufa ili taifa lisiangamie. Mwinjili hakumwona Kayafa kuwa mjinga. Alimwacha aseme kweli kubwa kuliko aliyoikusudia. Mchezo hauna mahali pa kweli hiyo kubwa zaidi, na aliyepigwa risasi haendi kokote.

Hadithi kuu ya mchezo wa kwanza inamfuata kapteni Gabriel Angelos wa kikosi cha Blood Ravens. Jina lake ni la malaika, na ubini wake ni neno lenyewe la Kiyunani la malaika. Anafika kwenye sayari iitwayo Tartarus, jina ambalo mzizi wake umo katika Waraka wa pili wa Petro, pale unapotaja malaika waliotupwa vifungoni. Waandishi walijua walichokuwa wakifanya. Gabriel amebeba mzigo: hapo nyuma aliagiza sayari aliyozaliwa, Cyrene, iangamizwe na wote waliokuwamo kwa sababu ya uzushi. Rafiki yake Isador Akios, mtu wa Cyrene kama yeye, yuko kando yake. Kwenye sayari hiyo limefukiwa jiwe ambalo ndani yake pepo amefungwa. Adui anamnong'oneza Isador usiku na mchana, akigusa kidonda kile cha Cyrene, mpaka Isador anaanguka na kuliiba jiwe.

Isador anashindwa vitani. Anapiga magoti na kuomba rehema. Gabriel anamuua.

Mchezaji hana la kufanya. Kwa saa nyingi umeulizwa kila kitu: jenereta uiweke wapi, kikosi gani kitangulie, nani aongezewe silaha. Katika jambo moja lenye uzito wa milele unaondolewa mkono na kuonyeshwa filamu. Hilo ndilo kosa kubwa la mchezo huu kisanaa, na ndilo linalonisumbua pia nikiwa mchungaji. Sidai kwamba Gabriel alipaswa kumsamehe. Huenda hadithi ingekosa ukali wake. Nadai kwamba mchezo ulipaswa kuniuliza. Kijana aliyecheza hadi hapo amefundishwa kwamba kuna maswali mengi duniani, ila hili la rafiki aliyeanguka si swali.

Hata hivyo, waandishi wana haki yao. Mwisho wa hadithi Gabriel analivunja jiwe kwa nyundo akiamini anamaliza uovu, na pepo anatoka huru, akimjulisha kwamba damu yote iliyomwagwa kwenye sayari ile ndiyo iliyomfungulia. Ushindi wote, ule nilioutafuta kwa mikono yangu, ulikuwa ibada kwa adui. Ni mwisho wa kutisha na wa kweli. Dini isiyojua kusamehe inamlisha yule inayedhani inampiga.

Mlutheri anapaswa kuyatazama haya akiwa na historia yake mkononi. Mwaka 1520 hati ya Papa iliyoorodhesha makosa 41 ya Martin Luther ilihesabu kuwa kosa fundisho lake kwamba kuwachoma wazushi ni kinyume cha mapenzi ya Roho. Mwaka 1529, katika maandishi yake juu ya vita na Waturuki, alisema kwamba Kaisari apigane kama mtawala anayelinda raia wake, basi. Asipigane kwa jina la Kristo, kwa kuwa si kichwa cha Wakristo wala mlinzi wa Injili. Vita vya Mkristo kama Mkristo aliviweka katika toba na maombi. Ni vigumu kupata maandishi yanayoipinga Imperium kwa wazi zaidi.

Lakini historia ina ukurasa wa pili. Luther na Melanchthon baadaye walikubali watawala wawaadhibu Waanabaptisti hata kwa kifo. Ilikuwa Julai 2010, huko Stuttgart, ndipo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoomba msamaha kwa Wamenno, warithi wa watu wale. Karibu miaka mia tano ilipita. Kwa hiyo tusiucheke mchezo huu kama mambo ya Waingereza na nyota zao.

Nasi tunapenda lugha ya jeshi. Katika mikesha yetu tunasikia makamanda wa maombi, silaha, ngome, adui kuteketezwa. Mtume Paulo mwenyewe aliitumia lugha hiyo, lakini alieleza wazi kwamba vita vyetu si juu ya wanadamu. Siku hizi nasikia maombi ambayo adui ana jina, ana nyumba, tena nyumba yenyewe ni ya tatu kutoka kanisani. Mama mzee anayesemwa hivyo anajua anasemwa, na Jumapili inayofuata anakaa nyumbani. Tunapofika hapo tumekwisha kuvaa kofia ya fuvu.

Tuna utaratibu mwingine, wa zamani, ambao vijana wengi huuonea haya: aliyetengwa kurudi kundini. Anasimama mbele ya usharika, anaungama, anatangaziwa ondoleo, na wakati wa kutoka watu wanampa mkono. Najua unavyoweza kutumiwa vibaya. Msichana mjamzito husimamishwa peke yake, na mwanamume aliyehusika ameketi kwaya. Lakini umbo lake ni lile ambalo Imperium nzima, pamoja na sayari zake zote, haina: mtu aliyeanguka anaulizwa neno, anajibu, na anapewa nafasi ya kukaa. Petro alipewa hivyo kando ya bahari baada ya kukana mara tatu, mbele ya moto wa makaa na samaki.

Dawn of War III ulitoka mwaka 2017. Gabriel ndani yake ni mkuu wa Blood Ravens wote, na bado anapigana kwa nyundo.